Fomula inayojizunguka: jinsi ya kuamua lini ihesabu na lini itulie

Mteja wangu mmoja, mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, alinipigia simu jioni akiuliza kwa utani kama benki imemsamehe riba. Nilikuwa nimemtumia faili la Excel lenye mpango wa fedha wa miezi 12, na kwenye laptopu yangu hesabu zote zilikaa sawa. Kwake, mstari wa riba ulikuwa na sifuri miezi kadhaa, na miezi mingine ilikuwa na tarakimu za zamani zisizolingana na kitu chochote. Faili lilikuwa lilelile na fomula zilezile. Tofauti ilikuwa moja: kabla ya kufungua faili langu, alikuwa ameshafungua faili lake la stoo.

Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa faili lenye fomula inayojizunguka, yaani inayolitegemea jibu lake yenyewe, bila kumpa namna ya kuiwasha na kuizima. Fomula ya aina hiyo ni kama pia ya kuchezea: anayecheza ndiye anayepaswa kuamua lini airushe na lini aidake. Hapa naeleza jinsi ya kulifanya hilo kwenye Excel, kisha mwishoni nitagusa Google Sheets na LibreOffice Calc.

Duara linazaliwaje

Tuchukue mkopo wa kawaida wa biashara ambao riba yake inakadiriwa juu ya wastani wa salio la mwanzo na salio la mwisho wa mwezi. Salio la mwisho lina riba ndani yake. Kwa hiyo riba inalisubiri salio, na salio linaisubiri riba. Fungua shiti mpya, uiite Mkopo, kisha uandike hivi kwenye safu ya B (B1 na B2 ziache wazi kwa sasa):

B3, salio la mwanzo: 10000000
B4, rejesho la mwezi: 2000000
B5, riba kwa mwezi: 1.5%
B6, riba: `=B5*(B3+B7)/2`
B7, salio la mwisho: `=B3-B4+B6`

Ukimaliza B7 na kubonyeza Enter, Excel itakuonya kwamba kuna seli inayojirejelea. Ukilifunga onyo, utaona sifuri au namba ya zamani pale ulipotarajia jibu. Excel haijakosea. Imekataa kuzunguka kwa sababu hukuiruhusu.

(Walioko Bujumbura, Lubumbashi au kwingineko wanakotumia Excel ya Kifaransa: fomula zinazofuata mtaziandika kwa SI badala ya IF, OU badala ya OR, MAINTENANT badala ya NOW, na nukta-mkato mahali pa koma.)

Kwanza hakikisha ni duara ulilolikusudia

Maduara mengi niliyowahi kukutana nayo ni makosa ya mkono. Mtu yuko B10, anaandika `=SUM(B2:B10)`, na jumla inajijumlisha yenyewe. Duara la namna hiyo halihitaji kudhibitiwa, linahitaji kufutwa.

Tazama chini kushoto mwa dirisha la Excel. Kama kuna duara, utaona maneno Circular References na pengine anwani ya seli. Kwa orodha zaidi, nenda kichupo cha Formulas, bonyeza kishale kidogo kilicho pembeni mwa Error Checking, kisha Circular References. Bonyeza anwani unayoiona hapo nayo itakupeleka kwenye seli husika. Rekebisha moja, rudi utazame tena, mpaka yabaki yale tu uliyoyataka.

Usiiahirishe kazi hii. Ukisharuhusu mzunguko, Excel inaacha kuonya kabisa. Jumla inayojijumlisha itapita kimya pamoja na riba yako halali, na hakuna atakayekuambia.

Halafu jiulize kama unalihitaji duara lenyewe. Mfano wetu unaweza kutatuliwa kwa aljebra ya sekondari. Riba ni sawa na B5*(B3+B7)/2, na B7 ni B3-B4+B6. Ukipachika moja ndani ya nyingine unapata:

`=B5*(2*B3-B4)/(2-B5)`

Jibu ni 136,020.15, bila kuzunguka wala onyo. Bonasi inayokokotolewa kutoka kwenye faida iliyokwisha kutolewa bonasi nayo hutatuliwa hivyohivyo: kama bonasi ni asilimia 10 ya faida inayobaki, gawa faida ya awali kwa 11. Aljebra ikitosha, itumie, uende nyumbani mapema.

Aljebra inashindwa pale penye masharti. Kwa mfano, rejesho likiwa ni "fedha yoyote inayobaki baada ya riba na kodi, lakini lisizidi deni", utaingiza MIN na MAX, na kila mwezi unautegemea mwezi uliotangulia. Hapo ndipo duara linapokuwa na kazi.

Weka swichi kabla ya kuruhusu mzunguko

Hii ndiyo hatua niliyoiruka siku ile. Andika 0 kwenye B1, na pembeni yake uandike "Swichi ya mzunguko: 1 washa, 0 zima". Kisha badilisha fomula ya B6 iwe:

`=IF($B$1=1,B5*(B3+B7)/2,0)`

Swichi ikiwa 0, riba ni sifuri na salio la mwisho linakuwa 8,000,000. Excel bado inaweza kukuonya, lakini thamani ndani yake zimetulia. Kama mpango wako una miezi 12, kila fomula ya riba iisome B1 hiyohiyo. Usiweke swichi 12. Siku ya shida utasahau mojawapo.

Chini kabisa, kwenye B9, weka mlinzi:

`=IF($B$1=0,"IMEZIMWA",IF(ABS(B6-B5*(B3+B7)/2)<1,"SAWA","BADO"))`

Mlinzi huyu yuko nje ya duara kwa sababu hakuna fomula inayomsoma. Kazi yake ni kuuliza kama riba iliyoandikwa inalingana na riba inayostahili, ndani ya shilingi moja. Siku mzunguko umezimwa bila wewe kujua huku swichi iko kwenye 1 na riba hailingani, atasema BADO. Mteja wangu angeona neno hilo moja, simu ya saa nzima isingekuwapo.

Ruhusu mzunguko, ila anza na duru moja

Nenda File, kisha Options, kisha Formulas. Weka tiki kwenye Enable iterative calculation. Kwenye Mac njia ni Excel, Preferences, Calculation. Utaona visanduku viwili. Maximum Iterations ni idadi ya duru ambazo Excel itazunguka kila inapohesabu; kiwandani imewekwa 100, na inaweza kufika 32,767. Maximum Change ni kiasi cha badiliko ambacho likiwa dogo kuliko hicho Excel inaona imefika. Kiwandani ni 0.001. Kati ya viwili hivi, kinachotangulia kutimia ndicho kinachosimamisha mzunguko.

Kwa sasa weka Maximum Iterations iwe 1. Najua inaonekana kama kujichelewesha, lakini nataka uone kinachotokea humo ndani angalau mara moja.

Andika 1 kwenye B1. Riba inakuwa 135,000. Bonyeza F9: 136,012.50. F9 tena: 136,020.09. Tena: 136,020.15, na hapo inatulia. Utakazobonyeza baada ya hapo hazitaonekana kwenye senti. Kila duru imepunguza badiliko mpaka chini ya asilimia moja ya lilivyokuwa: shilingi 1,012.50, kisha 7.59, kisha senti sita. Sababu yake imo ndani ya fomula. Ukiongeza shilingi moja kwenye riba, duru inayofuata inarudisha nusu ya asilimia 1.5 ya shilingi hiyo, yaani 0.0075 tu. Maadamu kinachorudi ni pungufu ya kilichoingia, mfano wa namna hii unatulia.

Sasa jaribu kuharibu. Fanya B5 iwe 15, yaani uandike 1500%, kama anavyofanya mtu aliyesahau alama ya asilimia kwenye seli isiyopangwa vizuri. Kila F9 inazidisha badiliko mara 7.5, na baada ya kubonyeza mara chache utakuwa na deni kubwa kuliko bajeti ya nchi. Rudisha 1.5%, zima swichi, iwashe tena. Ukishaona hivyo, hutaongeza duru kutoka 100 hadi 10,000 ukidhani zitaponya duara lisilotulia. Duru zaidi humsaidia anayetulia polepole. Kwa anayekimbia, zinamwongezea mbio.

Sasa rudisha Maximum Iterations iwe 100.

Kuhusu ile 0.001, angalia kipimo cha fedha unachotumia. Kwenye faili la shilingi kamili, 0.001 ni kidogo mno na haina shida. Lakini wengi wetu huandika mipango mikubwa kwa mamilioni, ambapo 10 maana yake ni milioni 10. Kwenye faili hilo 0.001 ni shilingi 1,000. Duara linalotulia taratibu linaweza kusimama kabla halijafika, na likasimama mahali tofauti kulingana na lilikoanzia. Nikitumia mamilioni huandika 0.0000001, na hesabu haijawahi kunichelewesha kwa sababu hiyo.

Chukua usukani wa F9

Mpaka hapa Excel bado inahesabu yenyewe kila unapogusa seli. Faili likiwa kubwa hilo linachosha, na duara likiwa nyeti linatisha. Nenda kichupo cha Formulas, Calculation Options, chagua Manual. Tangu hapo hakuna kinachohesabiwa mpaka uagize:

F9 inahesabu mafaili yote yaliyo wazi.
Shift+F9 inahesabu shiti uliyopo peke yake.
Ctrl+Alt+F9 inahesabu kila fomula upya, hata zile ambazo Excel inadhani hazijabadilika.

Ukibadilisha kitu bila kuhesabu, chini kushoto patatokea neno Calculate. Likiwapo, usichapishe na usitume. Pia, ndani ya Options, Formulas, chini ya Manual kuna kisanduku cha Recalculate workbook before saving, na kawaida huwa na tiki. Maana yake kila ukihifadhi, Excel inahesabu hata kama hukubonyeza F9. Kama unataka amri ibaki mikononi mwako kabisa, toa tiki hiyo, na ukumbuke umeitoa.

Mtego wa faili la kwanza

Sasa tunarudi kwa mteja wangu. Ruhusa ya mzunguko, idadi ya duru, na hali ya Manual au Automatic huhifadhiwa ndani ya faili, lakini zikishasomwa zinatawala Excel nzima iliyo wazi. Faili linalofunguliwa kwanza ndilo linaloamua. Mafaili yanayofuata yanaingia chini ya utawala wake, hata kama yenyewe yalihifadhiwa kwa utaratibu mwingine.

Faili lake la stoo halikuwa na mzunguko. Alilifungua asubuhi, akafungua langu mchana, akaliona onyo, akabonyeza OK kama tunavyofanya sote, kisha akabadilisha rejesho la mwezi wa tatu. Excel iliyokatazwa kuzunguka ikaacha seli nyingine na sifuri na nyingine na namba zake za mwisho.

Kinyume chake kinauma zaidi. Ukifungua kwanza faili lenye mzunguko, kisha faili la mshahara, kosa lolote la kujirejelea kwenye faili la mshahara litapita bila onyo. Na kama la kwanza lilikuwa Manual, la mshahara nalo halitahesabu mpaka F9. Mimi nina kawaida moja: faili lenye duara hulifungua peke yake, na nikimaliza nafunga Excel nzima kabla ya kugusa kazi nyingine. Wanaopokea mafaili yangu huwaandikia maelekezo hayo kwenye mstari wa juu kabisa, kwa rangi ya kuudhi.

Kosa likinasa ndani

Mtu akiandika neno badala ya namba kwenye B4, B7 inakuwa #VALUE!, na B6 inaisoma B7, nayo inakuwa #VALUE!. Ukirekebisha B4, kosa linabaki palepale. B6 ni kosa kwa sababu B7 ni kosa, na B7 ni kosa kwa sababu B6 ni kosa. Nimewaona watu wakifuta shiti nzima na kuanza upya kwa sababu ya jambo hili.

Wewe una swichi. Rekebisha kwanza chanzo, andika 0 kwenye B1, hesabu, thibitisha kwamba kila kitu kimesafika, kisha rudisha 1. Baadhi hufunga fomula kwa IFERROR ili ijisafishe yenyewe. Inafanya kazi, lakini inaficha pia kosa ambalo ulitakiwa kuliona, kwa hiyo mimi siitumii kwenye hesabu za fedha.

Jambo jingine linalohusu mpangilio: ndani ya duara Excel inapita shiti moja baada ya nyingine, na ndani ya shiti inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Liweke duara zima kwenye shiti moja, na seli zifuatane kama hesabu inavyotiririka. Duara lililotawanyika kwenye shiti nne linakwenda polepole, na kulisafisha ni adhabu.

Duara la kupiga muhuri wa muda

Kuna duara ambalo halitafuti jibu, linakumbuka tu. Karani anaandika namba ya risiti kwenye A2, nawe unataka muda ujiandike D2 na usibadilike tena:

`=IF(A2="","",IF(OR(D2="",D2=0),NOW(),D2))`

A2 ikiwa tupu, D2 ni tupu. A2 ikijazwa mara ya kwanza, D2 inachukua muda wa sasa. Baada ya hapo inajisoma yenyewe na kubaki ilivyo. Kile kipande cha D2=0 kipo kwa ajili ya fomula inayoandikwa wakati A2 imeshajazwa; bila hicho utapata tarehe ya mwaka 1900. Ipange seli kwa mtindo wa tarehe na saa, na usiiguse: ukiiandika fomula upya, muda wa zamani unapotea. Kwa sababu hiyo siipendekezi kwenye kumbukumbu ambazo mkaguzi atazitegemea. Ctrl na ; (nukta-mkato) huandika tarehe ya leo kama thamani isiyobadilika, na karani anaijifunza kwa dakika moja.

Jihadhari zaidi na duara linalojumlisha, kama `=IF($B$1=1,E2+C2,0)` iliyoandikwa kwenye E2 yenyewe. Duru zikiwa 100, F9 moja inaongeza C2 mara mia. Duara la namna hii linataka Maximum Iterations iwe 1 na hali ya Manual. Kwa kuwa mpangilio ni wa Excel nzima, haliwezi kukaa faili moja na duara la riba linalohitaji duru nyingi.

Njia ninayoitumia siku hizi kwa faili linalotoka nje ya ofisi

Ni kukata duara na kuzunguka kwa makro, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya faili. B6 iwe namba tupu, si fomula. Riba inayostahili iandike C6: `=B5*(B3+B7)/2`. B7 inabaki kuisoma B6. Hakuna kinachojirejelea tena, kwa hiyo ruhusa ya mzunguko haihitajiki na mtego wa faili la kwanza hauna pa kukunasa. Kinachobaki ni kuchukua C6 na kuibandika B6 mpaka zilingane:

```
Sub ZungushaRiba()
    Dim i As Integer
    With Sheets("Mkopo")
        For i = 1 To 50
            .Range("B6").Value = .Range("C6").Value
            Application.Calculate
            If Abs(.Range("C6").Value - .Range("B6").Value) < 0.5 Then Exit For
        Next i
    End With
End Sub
```

Bonyeza Alt+F11, Insert, Module, bandika, kisha hifadhi faili kama .xlsm. Ukianza na B6 ikiwa 0, makro hii inamaliza kwa duru tatu. Weka kitufe pembeni mwa jedwali na ukiandike "Hesabu riba". Mtumiaji akibadilisha rejesho, tofauti kati ya B6 na C6 inaonekana wazi mpaka akibonyeze.

Kwenye Google Sheets na LibreOffice

Google Sheets: File, Settings, kichupo cha Calculation, washa Iterative calculation. Huanza na duru 50 na kizingiti cha 0.05, ambacho kwenye faili la mamilioni ni shilingi 50,000, kwa hiyo kipunguze mara moja. Mpangilio huu unakaa na faili, hauambukizi mafaili mengine. Lakini hakuna hali ya Manual, kwa hiyo swichi ya B1 ndiyo breki yako.

LibreOffice Calc: Tools, Options, LibreOffice Calc, Calculate, weka tiki kwenye Iterations. Duara lisiloruhusiwa linaonyesha Err:522. Ukiruhusu likashindwa kutulia, linaonyesha Err:523, na hilo nalipenda, kwa sababu Excel kwenye hali hiyohiyo ingekupa namba ya uongo bila kukohoa. Kuzima kuhesabu kwenyewe ni Data, Calculate, kisha toa tiki kwenye AutoCalculate. F9 inafanya kazi kama kawaida, na Ctrl+Shift+F9 inahesabu kila kitu upya.